Walimu Waliokuwa Bado Wanajifunza

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, hapa Mufindi. Wengi ambao hawakuweza kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoizungumza.

Mwenyekiti wa umoja wetu, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wenzangu tuliosoma hapa kwa miaka tofauti, na ninyi wanafunzi wa sasa mliokaa kwenye nyasi ili sisi tupate viti: Bwana asifiwe. Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na wenyeji wetu wa hapa, kamwene!

Nimeombwa nizungumzie siku zetu za shule, masomo tuliyoyapenda na walimu tunaowakumbuka. Naomba nianze kwa kuuliza, nanyi mnijibu kwa mikono. Nani hapa anakumbuka alama alizopata kwenye mtihani wa Historia wa kidato cha pili? Sioni mkono. Haya, nani anamkumbuka mwalimu aliyemfundisha Historia kidato cha pili? Tazameni mikono hiyo! Mpaka kule nyuma kwenye miti. Alama zimepotea, mwalimu amebaki.

Sasa swali gumu zaidi. Tangu darasa la kwanza mpaka tunatoka hapa tumefundishwa na walimu wengi sana. Wengi wao, tuseme kweli, hata majina yao yametutoka. Lakini wapo wawili, wapo watatu, ambao mpaka leo unausikia mwendo wao koridoni, unauona mwandiko wao ubaoni. Kwa nini hao? Kwa nini wamebaki hao, wengine wakafutika?

Jibu la haraka ni kwamba walikuwa wanajua sana. Mimi nimelitafakari jambo hili muda mrefu, na jibu hilo silikubali. Nilikuwa na walimu waliojua sana ambao leo siwezi kuwaelezea hata sura. Nikiwasimamisha mstari mmoja wale waliobaki moyoni mwangu, naona kitu kimoja kinachowaunganisha: walikuwa bado wanajifunza. Na hawakutuficha. Walituacha tuwaone wakijifunza.

Hilo ndilo neno langu la leo. Naomba mnivumilie nilieleze.

Twende kwanza darasa la kwanza. Mimi niliingia mwaka 1977. Wenzangu wa rika langu mnaujua mwaka huo una maana gani. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aende shule ya msingi. Awali lengo hilo lilipangwa lifikiwe mwaka 1989. Pale Musoma likavutwa nyuma mpaka mwaka 1977. Miaka kumi na miwili ikakatwa kwa mkutano mmoja! Watoto wakaandikishwa kwa maelfu, vijiji vikafyatua matofali, madarasa yakainuka kwa nguvu za wananchi. Kukabaki swali: nani atawafundisha? Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha, hata vingefanya kazi usiku na mchana.

Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Asubuhi wanafundisha, mchana wanafundishwa. Walipata waratibu, walipata masomo kwa njia ya posta, walipata vipindi vya redio. Waliendelea hivyo karibu miaka mitatu, kisha wanakwenda chuoni kwa wiki chache, wanahitimu. Makumi ya maelfu ya walimu wa nchi hii walipatikana kwa njia hiyo.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Alikuwa binti wa kijijini kwetu, mdogo wake tulikaa naye darasa moja. Nyumbani anamwita dada, shuleni anamwita mwalimu, na akisahau tunamcheka. Darasa lilikuwa na kuta na paa, madirisha hayajawekwa, na baridi ya Juni ya huku mnaijua. Madaftari hayakutosha. Herufi zetu za kwanza tuliziandika chini, kwenye udongo wa uwanjani, kila mtoto na kiwanja chake, na mwalimu anapita katikati ameshika kijiti, anainama, anakurekebishia mkia wa herufi.

Lakini ninachotaka mkisikie ni hiki. Mchana, tukiwa tunakwenda kuteka maji, tulikuwa tunamwona amekaa kwenye ngazi ya ofisi, redio ya mwalimu mkuu iko kando yake, daftari liko magotini, anaandika. Alikuwa anasikiliza kipindi cha walimu. Kesho yake anaingia darasani na kile alichokipata jana. Siku ya kutoa kwa kukopa, ile hesabu ya 32 toa 17 iliyoliza watoto wengi, alikuja na vijiti. Amevifunga mafungu ya kumi kumi kwa nyuzi za katani. Akajaribu kutueleza, tukapotea. Akafungua fungu moja mbele yetu, akahesabu, akasimama, akavirudisha, akaanza upya. Akatuambia: hapa hata mimi jana palinisumbua, tazameni tena. Mara ya tatu tukaona. Fungu moja linafunguliwa, vijiti vinaungana na vile viwili, unatoa saba, vinabaki vitano!

Mtoto wa miaka saba akisikia mwalimu anasema "hata mimi jana palinisumbua," anapata nini? Anapata ruhusa. Anajua kwamba kusumbuliwa na hesabu hakumfanyi mjinga. Mwalimu amesumbuliwa jana, leo anaiweza. Basi na mimi nikisumbuliwa leo, kesho nitaiweza.

Ndugu zangu, mnajua walimu hawa waliitwaje. Mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa kwa Kiingereza Universal Primary Education. Watu walizichukua zile herufi tatu, UPE, wakasema maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka sana enzi zile, na mpaka leo wapo wanaocheka. Mimi leo naikataa dhihaka hiyo mbele ya mkutano huu. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri. Ubora uliumia, madarasa yalifurika, na kati yetu waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno. Lakini binti yule alikuwa amepewa kazi ambayo taifa zima halikuwa na mtu wa kuifanya, akaifanya huku akisoma. Ualimu pasipo elimu? Mimi sijamwona mtu aliyeitafuta elimu kwa juhudi kama ile.

Na tazameni, jambo hili limejirudia. Zilipokuja shule za kata miaka ya 2000, walimu wakawa hawatoshi tena. Wakachukuliwa vijana wa kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa vijijini. Wakaitwaje? Vodafasta, kama ile huduma ya kuongeza salio la simu upesi! Mwaka 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, madarasa yakajaa tena. Kila mara nchi inapoamua kufungua mlango kwa watoto wote, na ni uamuzi mwema, naupenda, kuna vijana tunaowasimamisha mlangoni wapokee umati. Halafu tunawapa majina ya kejeli. Wako hapa walimu wetu vijana wa leo. Nawaombeni radhi kwa niaba ya wote waliowahi kuwacheka watangulizi wenu.

Sasa tuje hapa kwetu, sekondari.

Masomo yalikuwa mengi, na kila mmoja alikuwa na lake. Najua wapo walioishi kwa Kiswahili, wakasimama mbele ya paredi kughani tarbia, mishororo minne kila beti, mizani kumi na sita kila mshororo, na ole wako kina kikupotee. Wapo watu wa Kilimo, waliojua kila tuta la shamba la shule. Wapo waliopenda Siasa, na wengine mmeishia humo humo. Mwalimu wetu wa Kemia, maabara ilipokosa vitu, alitutuma maua ya haidrojeni... samahani, maua ya haibiskasi! Tukayachemsha, akadondoshea maji ya ndimu kwenye glasi moja na maji ya majivu kwenye nyingine, na rangi zikabadilika mbele ya macho yetu. Nakumbuka bweni zima usiku ule lilizungumza asidi na besi.

Langu lilikuwa Jiografia. Na hapa naomba nikae kidogo.

Mnakumbuka kidato cha kwanza kilivyokuwa. Miaka saba umesoma kila kitu kwa Kiswahili, umeelewa, umefaulu, umechaguliwa. Unaingia lango hilo, unakuta kila kitu ni Kiingereza. Miezi ya mwanzo tulikuwa bubu. Mtoto aliyekuwa anajibu kila swali kijijini kwao sasa anatazama dawati. Na kile kibao cha kuvishwa shingoni ukisikika unaongea Kiswahili, wenzangu wa shule nyingi mnakijua. Mtoto anayeogopa kibao haulizi. Asiyeuliza anabaki na kile alichokuja nacho.

Mwalimu wetu wa Jiografia alikuja tukiwa kidato cha pili, ametoka Chuo cha Ualimu Mkwawa, kijana kabisa. Kwao ni Lindi, pwani, na baridi ya hapa ilimtesa mpaka akawa anafundisha amevaa koti la mvua. Alikuwa na desturi moja: dakika za mwisho za kipindi aliweka chaki chini, akasema sasa ulizeni kwa lugha yoyote mnayoiweza. Kulikuwa na mafuriko ya maswali!

Tukafika kwenye kusoma ramani. Shule ilikuwa na karatasi moja tu ya ramani ya eneo hili, kipimo cha 1:50,000, na sisi tuko zaidi ya arobaini. Sentimita mbili kwenye karatasi ni kilometa moja ardhini, hilo tulilishika. Kilichotushinda ni mistari ile ya kahawia inayojizungusha, kontua. Mwalimu akachora ubaoni, hatukuona. Akaeleza kwamba mstari mmoja unaunganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari, tukakariri, hatukuona. Mwenzetu mmoja, nadhani yuko hapa leo, akauliza kwa Kiswahili: Mwalimu, huo mstari uko wapi? Mbona mimi nimezaliwa kwenye mlima huu na sijauona?

Darasa lilinyamaza. Ni swali ambalo lingeweza kumletea mtu adhabu. Mwalimu akatazama dirishani, kwenye mlima ule ule mnaouona nyuma yangu. Akasema: nimekulia kwenye tambarare, mistari hii mimi mwenyewe nimeijua kwenye vitabu. Ngoja nitafute mtu.

Akamtafuta bwana shamba wa kata. Jumamosi iliyofuata tukapanda mlima, darasa zima, bwana shamba mbele. Alikuwa na fito tatu zilizofungwa umbo la herufi A, na kamba inaning'inia kutoka kileleni ikiwa na jiwe. Kifaa cha wakulima wa matuta, cha kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Unasimamisha mguu mmoja wa kifaa, unausogeza wa pili mpaka kamba ile iguse alama iliyo katikati ya ufito wa kulala. Ikigusa, miguu yote miwili iko kimo kimoja. Unapiga mambo, yaani kigingi. Unazungusha kifaa, unapata sehemu nyingine ya kimo kile kile, unapiga mambo nyingine. Hivyo, hivyo, mpaka umezunguka ubavu wa mlima.

Na wa kwanza kufundishwa alikuwa nani? Mwalimu wetu! Mbele yetu sote. Bwana shamba, mtu wa darasa la saba, alimwelekeza mwalimu wa sekondari: hapana, mwalimu, jiwe bado linacheza, subiri litulie. Naye akajibu: sawa, mzee, nimeelewa. Akasubiri litulie. Kisha akatugawa makundi, kila kundi likapewa kimo chake, na tukazifunga mambo zetu vipande vya kitambaa cheupe.

Jioni akatutoa mlimani, akatupeleka upande wa pili wa bonde, tukageuka. Jamani! Ile mistari ilikuwa imelala mlimani. Pale mlima unapokuwa mkali imebanana, pale unapolegea imeachana, penye korongo imejikunja kwenda ndani, yote kama tulivyoiona kwenye karatasi. Yule mwenzetu aliyeuliza akapiga kelele: nimeuona! Mwalimu naye alikuwa anatazama kama sisi, mikono kichwani. Naye alikuwa anauona kwa mara ya kwanza.

Mimi ni mpima ardhi. Nilitoka hapa nikaendelea, nikapita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, nikaenda Chuo cha Ardhi Dar es Salaam, nimepima viwanja, mashamba na mipaka ya vijiji katika mikoa mingi. Leo vijana wangu kazini wana vipokezi vya satelaiti vinavyokupa mahali ulipo kwa usahihi wa sentimita. Lakini kila kijana mpya akija kwangu, kabla hajagusa kifaa, nampeleka upande wa pili wa bonde, namwambia tazama kwanza mteremko unavyokwenda. Nimeurithi utaratibu huo kutoka kwa mtu wa Lindi aliyekubali kufundishwa na bwana shamba mbele ya wanafunzi wake.

Ninyi wanafunzi mlio hapa mbele, sasa nataka niwape hadithi ambayo si yangu. Ni ya mwanafunzi wa nchi hii ambaye jina lake linatajwa na wanafizikia duniani kote.

Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana wa pale walikuwa na kawaida ya kutengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanachanganya sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaingiza kwenye friji. Nafasi ni ndogo, anayewahi ndiye anayepata. Siku moja mwenzake akaweka maziwa bila kuyachemsha ili awahi nafasi. Mpemba akaona akisubiri ya kwake yapoe atakosa, akayaingiza ya moto vile vile. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu.

Ya moto yametangulia kuganda! Akamwuliza mwalimu wake wa Fizikia. Akaambiwa umechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Likizo akiwa Tanga, rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu akamwambia kwamba hata yeye huweka ya moto, kwa sababu huganda upesi. Kumbe mitaani jambo linajulikana! Akaenda Mkwawa, Iringa, enzi hizo ikiwa shule ya sekondari, kwa masomo ya juu ya sekondari. Walipofika mada ya joto, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo akikosea hesabu darasa linacheka: hisabati ya Mpemba.

Niambieni, wewe ungeuliza mara ya tatu? Baada ya kuambiwa umechanganyikiwa, baada ya kuchekwa na darasa zima, ungenyanyua mkono tena?

Mpemba alifanya jaribio mwenyewe, akaona ni kweli. Kisha akaja pale Mkwawa mhadhiri wa Fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Walipokaribishwa kuuliza, Mpemba akasimama. Akasema: ukichukua maji ya ujazo sawa, mengine ya nyuzi 35, mengine ya nyuzi 100, ukayaingiza kwenye friji, yale ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamwuliza kama ni kweli amelifanya jaribio hilo. Akasema ndiyo. Na Osborne akajibu maneno ambayo kijana yule hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu yeyote: kwamba hajui sababu, lakini akirudi Dar es Salaam atalijaribu.

Na kweli akalijaribu. Alimpa kazi hiyo fundi wa maabara, na fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi! Mnaona jinsi ilivyo vigumu kuamini usichokitarajia? Wakarudia, na mwaka 1969 makala ikachapishwa katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza, ikiwa na majina mawili: Mpemba na Osborne. Jina la mwanafunzi likiwa pamoja na jina la mhadhiri. Mpaka leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Na mpaka leo wanasayansi wanabishana: sababu ni nini, linatokea katika hali zipi, na wengine wanasema halitokei kabisa. Kijana wa Magamba ameupa ulimwengu swali la zaidi ya miaka sitini.

Walimu wale waliomkatalia naamini hawakuwa watu wabaya. Walijua fizikia ya kitabuni na walikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu. Lakini tukiitaja habari ya Mpemba leo, mwalimu tunayemtaja ni yupi? Ni yule aliyesema sijui, nitajaribu.

Sasa niseme jambo zito kidogo, na nalisema kwa heshima ya walimu wote mliopo. Sote hapa tulichapwa. Wapo wenzetu waliokimbia somo zima kwa sababu ya fimbo, na nchi imepoteza wahandisi na wauguzi kwa namna hiyo. Nimejiuliza, mwalimu mwenye hasira na swali la mtoto anaogopa nini? Mara nyingi anaogopa kuonekana hajui. Anajikinga kwa kiboko, au kwa kicheko, ambacho kinaumiza hivyo hivyo. Na hofu hiyo ameitoa wapi? Tumempa sisi. Ni sisi wazazi tunaosema mwalimu gani huyu hajui hata hili. Ni sisi jamii tunaomtaka ajue kila kitu siku ya kwanza anapofika, halafu tukishampangia kituo hatumpi kitabu kipya, hatumpeleki mafunzoni, hatumwulizi hata amekwama wapi. Daktari tunamtaka ahudhurie mafunzo kila mwaka. Mpima ardhi vifaa vinabadilika, anarudishwa darasani. Mwalimu aliyehitimu miaka ishirini iliyopita, nani amempeleka kusoma tena?

Rais wetu wa kwanza alifundisha Tabora, akaenda Edinburgh kusoma mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha Pugu. Mwalimu aliyetoka darasani akakaa tena kwenye dawati, kisha akarudi ubaoni. Tunamwita Mwalimu mpaka leo. Hawa walimu wetu wa hapa, nani amewapa nafasi ya kukaa tena kwenye dawati?

Mwenyekiti, hapo ndipo ninapoleta ombi langu. Najua kamati imependekeza mchango wetu wa mwaka huu ujenge geti jipya lenye jina la shule. Geti ni zuri. Lakini nilipita chumba cha walimu asubuhi hii, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule. Kuna meza, kuna madaftari ya kusahihisha yamepanda mpaka dirishani, na kuna rafu moja ya vitabu, vingine navifahamu kwa majalada, vilikuwepo tukiwa wanafunzi. Nilimkuta mwalimu kijana anaandaa somo kwa simu yake, kwa bando analonunua mwenyewe kwa mshahara wake. Yule ni binti wa redio kwenye ngazi za ofisi, ndugu zangu. Yule ni yule yule!

Ninaomba mchango wa mwaka huu uende kwenye chumba kile. Vitabu vipya vya rejea kwa kila somo. Intaneti inayolipiwa na umoja wetu. Umeme wa jua, ili wasikwame umeme ukikatika. Na fungu la nauli na posho, mwalimu akipata nafasi ya mafunzo Iringa au Dar es Salaam asikose kwa sababu ya nauli. Mkuu wa Shule ameniambia vipaumbele vyao wanavyo tayari, wameviandika. Tuvichukue kama walivyoviandika, tusiwapangie.

La pili halihitaji fedha. Sisi tuliosoma hapa tuna kazi mbalimbali. Namwona daktari, namwona mhasibu wa benki, naona watu wa misitu kutoka Sao Hill, namwona fundi umeme ambaye nusu ya mji huu anauwasha yeye. Kila mmoja wetu anajua kitu ambacho mwalimu wa somo fulani angefurahi kukiona kikifanyika. Tuje tuwaonyeshe, nao watuonyeshe jinsi ya kukifikisha kwa mtoto, maana hilo sisi hatulijui.

Mimi nimeshazungumza na walimu wa Jiografia na Hisabati. Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa mwezi wa saba nitakuwa hapa na vifaa vyangu vya upimaji, tutapanda mlima ule. Nitakuja na vipokezi vya satelaiti, na nitakuja na fito tatu, kamba na jiwe. Wanafunzi mnaotaka kupanda, andikisheni majina kwa mwalimu wenu wa Jiografia, na mje na maswali, kwa lugha yoyote mnayoiweza. Daktari, nimekuona unainamia simu. Wewe unakuja lini?

Asanteni sana kwa kunisikiliza.